Kobe, Jogoo na Shati la Mwenyekiti

Juzi kaja kijana mmoja hapa uani kwangu Temeke, dereva wa bajaji, betri kaikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Shikamoo bibi, marahaba. "Bibi, eti chaja gani nzuri? Dukani wananiambia kubwa ndiyo yenyewe, saa moja tu imejaa." Nikamwambia kwanza iweke chini hiyo betri. Hilo shati la nani? Akasema lake. Jipya? Jipya, bibi. Basi nikacheka mpaka nikatafuta kiti. Akabaki ananitazama, anadhani uzee umeshanipanda kichwani. Nyie nanyi hamtaelewa nilichochekea mpaka nimalize, kwa hiyo tulieni.

Mie ni Zena binti Kondo. Miaka thelathini na ushei nimechaji betri za watu: za malori, za teksi, za matrekta, hata za wazee waliounganisha redio kwenye betri ya gari ili wasikilize mpira, halafu asubuhi gari likawagomea. Sasa nimestaafu. Maana yake siendi tena karakana, betri ndizo zinanifuata nyumbani.

Sikuingia kwenye kazi hii kwa mlango wa mbele. Niliingia na maji ya mvua.

Enzi zetu zile za ujamaa, betri mpya ulikuwa huipati mpaka uwe na kibali, na kibali hukipati mpaka umwone mtu fulani, na huyo mtu fulani kila ukienda kasafiri kikazi. Kwa hiyo betri uliyonayo ndiyo hiyo hiyo, uitunze. Lakini maji safi ya kuongezea nayo yakaadimika, watu wakaanza kutia ya kisima. Ya kisima cha Temeke! Maji yaliyokuwa na chumvi hata chai unaionea huruma. Betri ikinyweshwa hayo miezi miwili mitatu, kwisha habari yake.

Mie nilikuwa mama wa watoto wawili, mume wangu kibarua bandarini. Mvua ikinyesha natandaza mabeseni uani, nakinga maji ya kunywa. Siku moja akapita Mzee Mponda, fundi betri wa karakana ya ushirika iliyokuwa mtaa wa nyuma. Mtu wa kusini huyo, wa upande wa Lindi, kazi kajifunzia shamba la mkonge akichaji matrekta. Mzee wa maneno machache mno. Akasimama kwenye mvua, kofia inamchuruzika.

"Binti, maji hayo yamepita kwenye bati?"

"Hapana mzee, yanatoka juu moja kwa moja."

"Beseni la chuma tupu?"

"La enameli, mzee."

"Usiyatie mkono. Tafuta chupa za kioo, uniletee."

Ndiyo hivyo nikawa mpeleka maji. Siku ya kwanza napeleka chupa, siku ya pili nachungulia, siku ya tatu namuuliza swali, na mwezi haujaisha nimeshika kitambaa nasugua vichwa vya betri vilivyoota ule unga wa kijani. Mzee Mponda hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alikuwa ananisogezea kigoda tu.

Sasa niwaambie habari za Kobe na Jogoo, maana hapo ndipo lilipo jibu la yule kijana wa bajaji.

Karakana ile ilikuwa na chaja mbili. Moja kubwa, imenifika kifuani, imepakwa rangi nyekundu, ukiiwasha inanguruma hadi vioo vya dirisha vinatetemeka. Hiyo waliiita Jogoo. Ilinunuliwa kwa ajili ya malori, likikwama lisukumiwe umeme wa nguvu liwake liende zake. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijivu, kama boksi la viatu, ina mlio wa nzi aliyenaswa kwenye chupa. Huyo ndiye Kobe. Wateja wote walikuwa wanamtaka Jogoo. Ukimwambia mtu betri yako naiweka kwa Kobe, uirudie keshokutwa, anakutazama kama umemtukana mama yake.

Mzee Mponda alikuwa anawaambia jambo moja tu: "Jogoo anaamsha. Kobe analisha." Halafu anaendelea na kazi yake.

Mie nitawaeleza kwa urefu zaidi, maana sina ubahili wa maneno. Betri yako imeandikwa namba ubavuni. Tuseme sitini. Igawe kwa kumi, unapata sita. Basi chaja ikupe ampea sita, au pungufu ya hapo, usizidishe. Itachukua muda? Itachukua. Wewe ukiletewa sinia la ubwabwa unalimwaga lote kooni mara moja? Mle ndani mna sahani za madini ya risasi, ukizisukumia umeme mwingi zinapata joto, zinapinda, zinamomonyoka, uchafu unalala chini. Ikifanywa hivyo mara tatu nne, betri ya miaka mitano imekufa kwa mwaka mmoja. Na utazame volti. Ya volti sita usiitie chaja ya kumi na mbili. Siku hizi mna hizi zilizozibwa kabisa, huzifungui kuona ndani. Hizo ndizo kabisa zinataka chaja yenye akili, ile inayojua betri imeshiba ikajikata yenyewe. Ukitaka kununua, ulizia hiyo. Usiulizie kubwa.

Kipimo chetu kilikuwa kibomba cha kioo chenye mpira wa kunyonyea, ndani kuna kiboya chenye rangi. Unafungua kizibo, unanyonya maji kidogo, kiboya kikielea kwenye kijani imeshiba, kikizama kwenye nyekundu ina njaa. Lakini Mzee Mponda alinifundisha kipimo kinachotangulia hicho: kiganja. Weka kiganja ubavuni mwa betri inayochajiwa. Ukisikia vuguvugu kama la mtoto aliyelala, sawa. Ukijikuta umeutoa mkono haraka, kuna mtu kakosea.

Na mie nimekosea, msidhani. Wiki zile za mwanzo niliona betri ina kiu, nikaijaza maji mpaka shingoni, ndipo nikaipeleka kwa Kobe. Lo! Maji yakipata umeme yanavimba, yakapanda, yakamwagika na asidi yake hadi kwenye meza, mie nimeegemea hapo hapo na khanga yangu mpya. Nikaifuta, nikaiona nzima, nikamshukuru Mungu. Nikaenda nikaifua vizuri, nikaianika, Ijumaa nikaivaa harusini. Nilipoinuka kumtunza bibi harusi, khanga ikabaki kwenye mkeka vipande vipande, mie nimesimama na gauni la ndani mbele ya watu wa mtaa mzima! Asidi haili nguo ya pamba mbele ya macho yako. Inajificha, inangoja ufue, kisha ndiyo inakuumbua. Wenzangu walinipigia vigelegele kabla ya bibi harusi. Tangu hapo najua: hakikisha sahani zimefunikwa tu, chaji kwanza, maji ya kujazia baadaye. Na shikeni hilo la khanga, nitalirudia.

Mwaka wa pili Mzee Mponda akataka niwe mwanachama wa ushirika. Mwanachama ana meza yake, ana fungu lake, ana sauti kwenye mkutano. Asiye mwanachama ni muuza maji. Nililitaka jambo lile, wallahi, sikulitaka jambo lingine namna ile. Nilikuwa nalala naliwaza, naamka naliwaza. Lakini wanachama walikuwa kumi na mmoja, wote wanaume, na kuingia ilikuwa mpaka wanyooshe mikono.

Mwenyekiti wao alikuwa Sefu, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, pande la mtu, kicheko chake kinasikika hadi barabara kubwa. Ila alipenda hotuba kuliko chakula, na alipenda Jogoo kuliko hotuba.

"Dada Zena," akaniambia mbele ya wote, "sie hatukukatai. Lakini asidi haina adabu, na wewe ni mama wa watu."

Mzee Mponda akasema, "Asidi haijawahi kuuliza mtu jinsia yake."

Wakabishana, mwisho wakakubaliana hivi: nipewe betri moja niihudumie peke yangu, wote waone. Ikifanya kazi, Jumapili ya juma lile lile wanapiga kura. Ikifeli, nirudi kwenye mabeseni yangu na maneno yaishe.

Betri waliyonichagulia ilikuwa ya Mzee Kibwana, jirani yetu mwenye pikapu kuukuu. Mjukuu wake alikuwa mwali, kawekwa ndani miezi, kafundwa na somo wake, sasa anatolewa. Zamani mwali alibebwa begani kuzungushwa kwa ndugu. Sie wa mjini tukaongeza madaha: anabebwa begani nyuma ya pikapu, kapambwa shanga, ngoma ziko pembeni yake, wanawake wanafuata kwa miguu. Ilibidi iwe Jumamosi, kwa sababu Jumapili mchana magari yalikuwa hayaruhusiwi kutembea, serikali inabana petroli. Na gari likizimika na mwali yuko juu, watu wa Temeke watalisema hilo mpaka mwali mwenyewe awe bibi. Mzee Kibwana aliniletea betri Jumatano, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mwanangu Zena, usiniaibishe."

"Babu, niachie."

Nikaifungua, nikaipima vyumba vyake vyote sita vya maji. Ilikuwa na miaka minne lakini hai. Nikaiunga kwa Kobe, taratibu. Alhamisi adhuhuri ikawa vuguvugu la mtoto, inakwenda vizuri kabisa. Mzee Mponda alikuwa kaenda hospitali kutazamwa macho. Nikaenda nyumbani kuswali na kuwapa watoto chakula, mwendo wa dakika tano.

Nilirudi nikakutwa na harufu mlangoni. Ile harufu ya mayai yaliyooza, mnaijua. Betri ipo kwa Kobe kama nilivyoiacha, vibano vimeshika, lakini juu kumelowa na lami ya kuzibia imelainika. Nikaweka kiganja. Nikautoa haraka.

Sefu alikuwa amesimama karibu, katoka kwenye kikao cha chama, kavaa ile suti yake ya kaki ya mikono mifupi aliyokuwa anavaa kwenye mikutano. Anajifuta mikono na tambara.

"Mwenyekiti, nani kaigusa hii?"

"Aiguse nani? Umeiacha wewe, umekwenda zako kupika. Umeiunguza."

Nikamgusa Jogoo mgongoni. Ana moto naye. "Na huyu je?"

"Huyo kaamsha lori asubuhi," akasema, na macho yake yakaenda dirishani.

Mafundi wengine, ndiyo kwanza wanarudi kutoka kula, wakasimama wananitazama. Kusema kweli nilitaka kulia. Hasira ninayo, na hofu iko nyuma yake, maana ushahidi sina, na betri ya watu inatokota mbele yangu. Nikajiambia, Zena, ugomvi utausubiri, betri haitasubiri. Nikazima Kobe kwanza, ndipo nikatoa vibano. Msitoe kibano chaja inawaka, cheche moja tu na ile gesi yake inawalipukia usoni. Nikafungua vizibo vyote. Nikaibeba hadi kivulini, nikaizungushia magunia yaliyoloweshwa maji, nikakaa nayo.

Mzee Mponda aliporudi akaona, akaweka kiganja, akamtazama Kobe, akamtazama Jogoo, akamtazama Sefu.

"Kobe haunguzi," akasema. Halafu akanigeukia. "Lakini hilo halitawasha gari, binti. Chumba gani ni dhaifu?"

"Cha tatu, mzee."

"Basi kilishe."

Ilipopoa nikaongeza maji yangu ya mvua kidogo kidogo mpaka sahani zikafunikwa, nikairudisha kwa Kobe, kwenye hatua yake ya chini kabisa. Ijumaa kutwa nilikuwa napima, naandika kwa mkaa ukutani, napima tena. Chumba cha tatu kikawa kinapanda kwa kujivuta. Jumamosi asubuhi kiboya kikaanza kugusa kijani. Si kijani cha kujivunia. Cha kuombea dua.

Alasiri nikaifunga mwenyewe kwenye pikapu. Mzee Kibwana akapiga stata, likawaka. Nikamwambia, "Babu, injini usiizime mpaka mmemrudisha mwali nyumbani." Akaitika vizuri kabisa. Mwali akapandishwa, anang'aa mafuta na shanga, ngoma zikalia, tukaondoka. Mie nipo kwa miguu na wanawake, naimba, lakini masikio yangu yako kwenye injini.

Tukafika kwa shangazi wa mwali. Na Mzee Kibwana, sijui nimsemeje, akazima gari! Mkono tu ulimtuma. Madereva wa wakati ule wote walikuwa na ugonjwa huo, petroli ya mgawo iliwafundisha: ukisimama, zima, ukipata mteremko, zima. Nikaona anageuka kunitafuta kwenye umati, mdomo wazi, kakumbuka.

Pale walikaa nusu saa, mwali anatunzwa, wanacheza. Mie nimeshika ubavu wa pikapu, siuachii. Sefu naye alikuwepo, mkewe ni jamaa wa Mzee Kibwana. Jasho linamtoka kuliko mie. Nikashangaa, huyu vipi?

Mzee Kibwana akarudi kwenye usukani, akasema bismillahi mpaka watu wa nyuma wakaisikia. Akapiga. Likajivuta, nyee, nyee. Akapiga tena. Nyee. Nikafumba macho. Mara ya tatu likaguna, likakohoa moshi, likawaka!

Vigelegele vilivyopigwa pale vilikuwa vya mwali, najua. Lakini mie nilivichukua vyangu. Nilicheza ngoma ile mpaka somo wa mwali akanivuta pembeni akaniuliza, wewe ni ndugu upande gani? Nikamwambia upande wa betri.

Jumapili asubuhi mkutano. Wanachama kumi na mmoja kwenye mabenchi, mie kwenye kigoda changu mlangoni. Sefu akaingia kavaa suti yake ya kaki, mkewe kaifua, kaitia wanga, kaipiga pasi ya mkaa, imesimama yenyewe. Akaanza hotuba. Gari limewaka, sawa, akasema, lakini mara ya tatu. Na betri iliungua mikononi mwa nani? Ushirika ni mali ya wote, hatuwezi kuendeshwa kwa bahati. Aliongea kwa uzuri, hata mie nilianza kujikataa.

"Kwa hiyo," akasema, "wanaopinga wanyooshe mkono. Nami nianze."

Akanyoosha mkono juu kwa nguvu zake zote. Praaa! Kwapa la shati likaachia. Akainama kujitazama, mfuko wa kifuani ukadondoka. Akaushika, shati likatoboka tumboni matundu saba nane, vidoa vidogo vya mviringo, kitambaa kinapukutika kama majivu. Watu wakasogea kutazama. Kila aliyekuwa mle alikuwa fundi, kila mmoja anajua ni kitu gani kinachokula nguo ya pamba namna ile baada ya kufuliwa.

Mzee Mponda hakuinuka hata kwenye benchi. "Mwenyekiti," akamwuliza kwa upole, "Alhamisi ulikuwa umevaa nini?"

Sefu kasimama, mkono bado uko juu, kausahau. Akatazama matundu, akanitazama mie. Nikaona mdomo unamcheza. Kisha likatoka lile cheko lake, hadi machozi.

"Dada Zena, nisamehe. Mzee Kibwana alipita akaulizia betri, nami nikataka kumwonyesha ukubwa. Alipokwenda zake nikaiunga kwa Jogoo, nikakaa mlangoni kupiga soga na wapita njia. Nilipogeuka inatema mate! Nikaichomoa, ikanirukia, nikairudisha kwa Kobe, nikaogopa kusema. Jana pale kwa shangazi nilikuwa naomba dua kuliko Kibwana."

Mle ndani hakuna aliyebaki kwenye benchi, watu wanagaagaa kwa kicheko. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mwenyekiti, mkono wako ungali juu, tuuhesabu wapi?"

Akautazama ule mkono, na kwapa limefunguka kama dirisha.

"Uhesabuni kwa Zena," akasema. Mikono mingine kumi ikafuata.

Suti ile nilimshonea viraka mwenyewe, akaendelea kuivaa kwenye mikutano kwa makusudi, miaka. Jogoo aliuzwa vyuma chakavu. Kobe ninaye, yuko kule chumbani, na bado ana mlio wake wa nzi.

Nilipommalizia habari hii, yule kijana wa bajaji akasema, "Bibi, basi niiache, nirudi keshokutwa." Akainama kuiinua aniwekee mezani, akaikumbatia tena kifuani vile vile. Nikamwambia mwanangu, hilo shati, ukifika kwako, usilifue ukalivaa harusini.